Mti Usiojulikana Jina Bustanini: Tulisome Jani Kabla ya Ua

Ndugu wasikilizaji, wazee wangu na vijana mnaopenda bustani, nawashukuru kwa kuja.

Kwenye meza hii kuna tawi moja. Limekatwa leo asubuhi kutoka kwenye mti wa jamaa waliokaa mstari wa mbele, nao wameniruhusu niuzungumzie bila kuwataja majina. Mti wenyewe umelipita paa la nyumba yao kwa kimo. Uko kijani mwaka mzima. Ukichanua, manukato yake huingia hadi vyumbani. Wanaamini ulipandwa na bibi yao, ambaye hayupo tena wa kuulizwa. Swali walilonijia nalo ni fupi: huu ni mti gani?

Swali hili wanalo wengi. Karibu kila anayeniuliza huja na picha moja tu, ua limejaa kioo cha simu, petali zimefunguka vizuri na nyuma yake hakuna kinachoonekana. Naelewa kwa nini, maana ua ndilo linalotushika macho. Lakini leo nimekuja kuwaomba mbadilishe pa kuanzia. Kwa mti usiopukutisha majani, anzeni na jani. Ua huja kwa wiki chache likaenda zake. Jani lipo Januari na lipo Julai. Mwenye mti wa kupukutisha anaweza kusema ngoja msimu ufike. Mwenye mti wa kijani cha kudumu ushahidi uko mkononi mwake siku zote, na mara nyingi unatosha kumfikisha zaidi ya nusu ya safari kabla tumba la kwanza halijafunguka.

Kwanza tuhakikishe kwamba kweli haupukutishi. Mti wa kijani cha kudumu si mti usioangusha majani. Kila jani lina umri wake: miti mingine huyashika majani mwaka mmoja au miwili, mingine zaidi, na ile misonobari ya milima mikavu ya Marekani iitwayo Pinus longaeva hushika sindano zake kwa zaidi ya miaka 30. Tofauti ni kwamba majani hayaondoki yote kwa pamoja, kwa hiyo mti hauonekani ukiwa mtupu. Tazama chini yake: ukikuta majani makavu machache kila mwezi, na juu kuna majani mabichi pamoja na machanga, hapo sawa. Lakini kama umeuona kwa msimu mmoja tu, usiapie. Kuna miti inayobaki na majani mwaka wenye maji ya kutosha na kuyamwaga mwaka wa ukame. Mjakaranda, kwa mfano, huweza kusimama mtupu kwa muda, na aliyeuona ukiwa na majani tu hatalijua hilo. Jamaa hawa wameishi na mti wao tangu utotoni na hawajawahi kuuona mtupu. Ushahidi wa aina hiyo nauheshimu sana.

Sasa tawi lenyewe. Jambo la kwanza ninalolitazama ni jinsi majani yalivyojipanga, kwa sababu mpangilio haubadiliki ovyo kwa mbolea, kivuli wala umri. Majani yanaweza kukabiliana mawili mawili, yanaweza kupishana moja moja, au yanaweza kuzunguka kijiti matatu au zaidi mahali pamoja. Mpera, mzambarau na mkarafuu ni ndugu wa familia moja, na yote mitatu ina majani yanayokabiliana. Mwembe majani yake hupishana, ingawa huwa yamesongamana mwishoni mwa tawi.

Lakini kabla ya kuhesabu, ni lazima ujue jani ni lipi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mti wenye jani lililogawanyika vijani vingi humfanya mtu adhani kila kijani ni jani zima. Dawa yake ni kutafuta jicho, kile kichipukizi kidogo kinachokaa kwapani, pale jani linapoungana na kijiti. Kilicho na jicho kwapani ni jani. Kisicho na jicho ni kijani, sehemu ya jani kubwa zaidi. Ukiujua ukweli huu mmoja, umeshajiokoa na majina mengi ya uongo.

Tawi hili majani yake ni ya moja moja, hayakugawanyika. Ukilitazama kwa haraka, utasema yamezunguka kijiti kwa duara kama ua la karatasi. Nawaomba jamaa wa mstari wa mbele wayavute majani hayo nyuma kidogo. Mnaona? Makovu ya majani yaliyokwisha kuanguka yamepishana, moja juu ya jingine, yakikizunguka kijiti. Kumbe majani yanapishana; yamejikusanya tu mwishoni mwa tawi. Jani lenyewe ni refu kidogo, linang'aa, limechongoka nchani, na ukingo wake unapanda na kushuka kama mawimbi. Shikeni hilo la mawimbi, tutalirudia.

Jamaa waliponiletea tawi hili walikuwa na jibu lao tayari. Walisema ni aina fulani ya mchungwa wa porini, kwa sababu maua yake yananukia kama ya mchungwa. Nao hawakukosea kuhusu harufu. Ninukishieni mlio karibu: ni ile ile hasa. Lakini harufu ya ua ni wito kwa wadudu, na mimea isiyo na udugu wowote hufikia wito unaofanana kwa sababu inaita wageni wanaofanana. Maua meupe yenye manukato makali yako katika familia nyingi zilizo mbali mbali kabisa. Kwa hiyo harufu ya ua naiandika kwenye daftari, ila siijengei hoja juu yake.

Jani ndilo lililotoa hukumu. Chukua jani la mlimau, liinue lielekee mwanga wa jua, ulitazame kwa chini. Utaona vitone vidogo angavu vimetapakaa kote: ni vifuko vya mafuta, na hivyo ndivyo vinavyotoa ile harufu ukilifinya. Familia nzima ya michungwa na milimau inavyo. Familia ya mpera na mkarafuu inavyo pia, ndiyo maana kipimo hiki peke yake hakitoshi. Pamoja na hayo, jani la mlimau lina kiungo: pale kikonyo kinapokutana na ubapa pana mstari unaokatika, na mara nyingi kikonyo kina vibawa. Sasa liinueni jani la tawi hili. Hakuna vitone. Kikonyo hakina kiungo wala kibawa. Kijiti hakina mwiba. Basi mchungwa umeondoka mezani, wa porini na wa shambani pia, na tumeuondoa bila kuligusa ua.

Ukikata jani, tazama pia kinachotoka. Utomvu mweupe kama maziwa ni alama kubwa: familia ya oleanda inao, familia ya mitini inao, na ya mnyaa pia. Hapa naomba niseme kwa uzito wote nilio nao. Miongoni mwa miti na vichaka vya kijani cha kudumu vinavyopandwa zaidi kwa ajili ya maua, oleanda, yaani Nerium oleander, na ndugu yake wa maua ya njano, Cascabela thevetia, vina sumu inayoshika moyo. Sehemu zake zote zina sumu: jani, ua, mbegu, kijiti. Watu wamekufa kwa sumu hiyo. Kwa hiyo usionje sehemu yoyote ya mti usioujua ili kuutambua, hata kwa ncha ya ulimi. Osha mikono baada ya kukata. Usijifute macho. Usichome matawi yake ukakaa kwenye moshi. Na kama kuna watoto nyumbani na mti una utomvu mweupe, fanya haraka kulipata jina lake. Hilo ni swali la usalama kabla halijawa swali la elimu.

Tawi letu halina maziwa. Jani lake likifinywa linatoa harufu ya utomvu wa miti, kama sandarusi kidogo, tofauti kabisa na harufu ya ua. Hiyo nayo iandikwe.

Kuna alama nyingine ambayo watu huipita, nayo ni vijani vidogo vya pembeni vinavyokaa pale kikonyo kinapoota, au makovu yanayobaki vikianguka. Familia ya mbuni huvibeba katikati ya majani mawili yanayokabiliana, na ukiviona hapo pamoja na jani zima lisilo na meno, umekwisha kuifikia familia. Magnolia huacha kovu linalokizunguka kijiti chote kama pete. Mwenye Magnolia grandiflora bustanini, ule mti wa maua meupe makubwa uliotoka kusini-mashariki mwa Marekani, ana alama hiyo ya pete pamoja na jani linalong'aa juu na mara nyingi lenye manyoya ya rangi ya kutu chini. Anaweza kuutaja bila kungoja ua.

Nimeitaja magnolia kwa makusudi. Jina lake linamuenzi Pierre Magnol, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa. Charles Plumier ndiye aliyeliweka mwaka 1703. Magnol huyo, mwaka 1689, alichapisha kazi iliyoipanga mimea kwa familia, akiitazama kwa sura yake nzima na si kwa alama moja tu. Sisi hapa tunaifuata njia hiyo hiyo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 na mtandao wa kimataifa wa bustani za mimea, BGCI, ilipata spishi, yaani aina, 60,065 za miti duniani. Hakuna kichwa kinachoweza kuzishika zote. Lakini familia za mimea itoayo maua, kwa mpangilio wa wataalamu wa mwaka 2016, ni 416, na zile zenye miti ya kijani cha kudumu inayopendwa bustanini ni chache zaidi. Anayejua alama za familia ishirini tu atashangaa ni miti mingapi anayoweza kuisogelea. Tafuta familia kwanza, kisha jenasi, yaani kundi dogo la ndugu wa karibu ndani ya familia, kisha spishi. Anayerukia spishi moja kwa moja anabahatisha.

Sasa tulifungue ua. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1735, aliipanga mimea katika matabaka 24 kwa kuzitazama zaidi stameni, vile vijiti vinavyobeba chavua: ziko ngapi, zimekaaje. Mpangilio wake haukudumu, kwa sababu uliwaweka pamoja wasio ndugu. Lakini zoezi la kuhesabu limebaki, na ni zuri. Hesabu sepali, vile vijani vinavyolifunika tumba, hesabu petali, hesabu stameni. Kisha pasua ua kwa urefu uone kama ovari, sehemu inayokuja kuwa tunda, imekaa juu ya mahali petali zinapoota au chini yake. Kwa mpera iko chini, ndiyo maana tunda lake hubaki na kitaji cha sepali kwenye kitako. Onyo moja kwa wenye bustani: chagueni ua la kawaida, si lile lililojaa petali tabaka kwa tabaka. Katika maua mengi yaliyozalishwa kwa ajili ya urembo, stameni zimegeuzwa kuwa petali, na hesabu yoyote utakayoifanya hapo itakudanganya.

Ua letu: sepali tano, petali tano nyeupe zilizojikunja nyuma, stameni tano, ovari iko juu. Tano, tano, tano. Hilo linapunguza, ila familia zenye tano tano ni nyingi mno. Ua peke yake halikutosha kuniambia kitu cha uhakika.

Kilichomaliza ubishi ni tunda. Niliwaomba jamaa warudi wautazame mti upya, juu na chini, watafute matunda ya msimu uliopita. Wakayaleta haya. Ni madogo, ya mviringo, rangi ya chungwa, na yamepasuka vipande viwili. Ndani yake mbegu nyekundu-kahawia zimekaa katika ulimbo. Jaribuni kuzishika, vidole vitanata. Tunda kavu linalopasuka, mbegu zilizofunikwa ulimbo, majani yanayopishana yaliyosongamana mwishoni mwa tawi, harufu ya sandarusi, ua la tano tano lenye ovari juu. Zikikaa pamoja hizo, tumefika: familia ni Pittosporaceae, na jenasi ni Pittosporum.

Jenasi hiyo ina spishi kama 200, asili yake ikiwa Afrika, Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Ile inayopandwa sana kwa uzio, Pittosporum tobira ya Asia ya Mashariki, ina jani la ncha butu lenye kingo zilizojikunja chini, na tunda lake hupasuka vipande vitatu. Letu limechongoka nchani, ukingo wake ni wa mawimbi, na tunda limepasuka vipande viwili. Nimelilinganisha na vielelezo vilivyokaushwa na maelezo ya wataalamu, na kila alama imekubali: ni Pittosporum undulatum, mti wa kusini-mashariki mwa Australia.

Tazameni tulivyofika. Jani lilituondolea majibu ya uongo, ua likapunguza, tunda likathibitisha. Na tunda ndilo watu wasilolileta kamwe. Wanalifagia. Nawasihi, kabla ya kufagia chini ya mti usioujua, okota kwanza.

Njia hii ya kuuliza swali moja, kupata jibu la ndiyo au hapana, kisha kwenda kwenye swali linalofuata, ina historia ndefu. Mtaalamu wa Ufaransa Jean-Baptiste Lamarck aliitumia katika kitabu chake cha mimea ya Ufaransa cha mwaka 1778, na hadi leo vitabu vya utambuzi hufuata mtindo huo. Lakini mwenye bustani lazima ajue mtego wake. Vitabu vingi vya namna hiyo vimeandikwa kwa ajili ya mimea inayoota yenyewe katika nchi fulani. Mti wa bustani huenda umetoka bara jingine. Ukiupitisha katika kitabu cha mimea ya mwituni, kitabu hakitakuambia kwamba mti wako haumo. Kitakupeleka swali kwa swali hadi kwenye jina la mti mwingine, nawe utaondoka ukiwa na uhakika wa kitu ambacho si kweli. Tafuta kitabu kinachojumuisha mimea ya kupandwa.

Niseme machache kuhusu simu, maana najua mnazo mkononi. Pl@ntNet, iliyoanzishwa na taasisi za utafiti za Ufaransa, na iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 huko California, ni zana nzuri nami ninazitumia. Zitumieni, ila zipeni chakula cha kutosha. Piga picha ya mti mzima ukionyesha umbo lake. Piga gome. Piga kijiti kinachoonyesha majani yalivyojipanga, jani juu na jani chini, ua kwa mbele na kwa ubavu, na tunda likiwa zima na likiwa limepasuliwa. Weka rula kwenye picha moja ili ukubwa ujulikane. Asilimia inayotokea pembeni ya jina ni kipimo cha jinsi picha yako inavyofanana na picha ambazo programu imefundishwa. Programu huchagua kati ya mimea inayoijua, na kama mti wako haumo, itakupa unaofanana nao. Ichukueni orodha hiyo kama majina ya kuanza kuyachunguza. Na suala la kuliwa au kutoliwa lisiamuliwe na simu hata siku moja.

Bustani ya familia ina ushahidi mwingine ambao pori halina, nao ni watu. Ulizeni wazee. Nani alipanda, mche ulitoka wapi, ulikuja kwenye mkebe au ulichimbwa mahali, nyumba ilikuwa imekwisha kujengwa? Tafuteni picha za zamani: harusi, watoto wanaocheza, gari jipya limeegeshwa, na nyuma yake mti ukiwa kimo cha mtu. Picha yenye tarehe inakupa umri, na umri unaondoa majina.

Lakini simulizi nayo ipimwe. Kuna mambo mawili yanayoweza kuipotosha bila mtu yeyote kusema uongo. La kwanza ni miche iliyobebeshwa, ambapo tawi la mti mzuri limeunganishwa juu ya mche wa aina nyingine yenye mizizi imara. Ikitokea sehemu ya juu ikafa kwa ukame au ikazidiwa, mche wa chini huchipua na kukua, na baada ya miaka mingi familia inaapa kwamba huu ndio mti aliopanda bibi. Mizizi ni ile ile. Mti ni mwingine. Wanaoshuku hili watafute karibu na ardhi alama ya kiungo cha zamani, uvimbe au gome linalobadilika ghafla. La pili ni ndege. Mti wenye mbegu za kunata au matunda laini huenda uliota wenyewe, na mtu aliyeukuta mdogo akautunza hukumbukwa kama aliyeupanda. Kwa mti huu wa leo jambo hilo linawezekana kabisa, maana ndege hula mbegu zake na kuzipeleka mbali. Namna zote mbili, bibi aliuacha usimame, na hilo ndilo lililoufikisha hapa.

Kwa nini tujisumbue hivi kwa ajili ya jina? Kwa sababu yote ambayo watu wamewahi kujifunza kuhusu mti yamewekwa chini ya jina lake. Bila jina huwezi kuyafikia. Nitawapa mifano miwili inayovuta pande tofauti.

Katika Kisiwa cha Pasaka, kule Pasifiki, kulikuwa na mti mdogo wa maua ya njano uitwao toromiro, Sophora toromiro, usiopatikana porini mahali pengine popote. Ulitoweka kisiwani katikati ya karne ya 20. Umebaki duniani kwa sababu mbegu zake zilichukuliwa kabla haujaisha. Nyingine zilichukuliwa na msafara wa mvumbuzi wa Norwei, Thor Heyerdahl, katika miaka ya 1950 na kuoteshwa katika bustani ya mimea ya Göteborg, Uswidi. Wataalamu walipoanza kutafuta miti mingine iliyosalia katika bustani, ilibidi kila mti uchunguzwe upya, kwani iko iliyokuwa ikiitwa toromiro kumbe ni jamaa zake wa karibu. Fikirini uzito wa kazi hiyo. Jina likikosewa pale, unatunza mti mwingine na ule unaoutafuta unakwisha.

Upande wa pili ni mti wetu huu. Pittosporum undulatum umekuwa mvamizi katika misitu ya Azores, Jamaica, Hawaii na Afrika Kusini, na hata ndani ya Australia yenyewe umesambaa nje ya eneo lake la asili. Hukua haraka, hutoa kivuli kizito, mimea ya chini hukosa mwanga. Wenye mti nimewaambia hivi: msikimbilie shoka. Ulizeni kwanza mamlaka ya mimea ya mahali mnapoishi kama mti huu umo kwenye orodha ya ile inayopaswa kudhibitiwa. Ukiwamo, fuateni sheria. Usipokuwamo, na mkitaka kuubakiza, kateni vishada vya matunda yakiwa bado mabichi, kabla hayajapasuka na ndege kuyajua, na msitupe takataka zake karibu na msitu wala mto. Miti mingine ya aina hii hutoa maua yasiyofanya tunda. Wenu unazaa, kwa hiyo kazi hiyo ni ya kila mwaka. Naona ni gharama ya haki kwa manukato mnayoyapenda. Msipokuwa tayari kuilipa kila mwaka, basi pandeni mti mwingine pembeni sasa hivi, na huu uondolewe ule mwingine utakapokuwa na kivuli.

Tena, si kila tawi litakalokuja mezani leo litaondoka na jina kamili. Bustani zimejaa miti chotara na aina zilizozalishwa na watu, na mingine haiwezi kutenganishwa bila tunda ambalo leo halipo. Mkiambiwa jenasi tu, pokeeni kama jibu. Hata vipimo vya vinasaba havimalizi kila kesi: mwaka 2009 wataalamu walikubaliana kutumia vipande viwili vya vinasaba, rbcL na matK, kama alama za kutambulisha mimea ya nchi kavu, na mara nyingi hivyo hufikisha kwenye jenasi vikashindwa kutenganisha spishi zilizo ndugu wa karibu. Jenasi iliyo sahihi ina faida kubwa kuliko spishi ya kubuni.

La mwisho, kausheni kielelezo. Mwitaliano Luca Ghini alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake kukausha mimea kati ya karatasi katika karne ya 16, na njia haijabadilika sana. Leo duniani kuna vielelezo karibu milioni 400 katika maktaba za mimea iliyokaushwa. Bustani ya mimea ya Kew peke yake, kule Uingereza, ina zaidi ya milioni 7. Chukua tawi la urefu wa kiganja na nusu lenye majani, ua na tunda, ligeuze jani moja ili upande wa chini uonekane, liweke kati ya magazeti chini ya vitabu vizito, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Andika karatasi ya maelezo siku ile ile: mahali, tarehe, kimo cha mti, gome lilivyo, rangi ya ua likiwa bichi, harufu, utomvu upo au haupo, na nani alisema ulipandwa lini. Rangi na harufu hupotea kwenye karatasi, ndiyo maana ziandikwe. Jina liandikwe kwa penseli kwenye kipande cha pembeni, kwa kuwa jina laweza kusahihishwa na atakayekuja baadaye, na maelezo yako yatabaki kuwa ya kweli.

Sasa meza iko wazi. Wenye matawi yenye tunda watangulie. Wenye matawi yanayotoa maziwa meupe msiyapitishe mkono kwa mkono. Yawekeni kwenye lile beseni la mwisho, nitayafuata mwenyewe nikiwa na glavu. Na mliokuja na ua peke yake kwenye simu, kaeni karibu nami tuanze kwa kuulizana: majani yalikuwa yakikabiliana, au yalikuwa yakipishana?